Ya Chuma au ya Mbao

Bi Pindo hakwenda dukani kununua kamera. Alikwenda kuhakikisha kamera hainunuliwi, ila mumewe hakuambiwa hilo.

Mumewe ni Usitikisike. Jina hilo alipewa na wateja, maana tangu afungue studio yake ya picha, kila aliyekalia kile kiti chake cha kuzunguka aliambiwa neno hilo hilo, awe hakimu, awe mtoto mchanga. Na watu walitii. Wapo wanaoapa kwamba hadi leo wakipita nje ya studio ile hujikuta wamebana pumzi. Bi Pindo mwenyewe ni fundi cherehani, chumba cha pili, mlango mmoja na studio, na jina lake hana wa kumlaumu: mtu akileta suruali, hukata pindo kwanza na kusikiliza maelezo baadaye.

Shida ilianzia machoni. Hospitali walisema ni presha ya macho. Usitikisike aliingia kwa daktari peke yake, akatoka na kichupa cha matone, akasema, "Daktari amefurahi sana." Alifurahishwa na nini, hakusema, na mkewe alipotaka kurudi kuuliza, aliambiwa daktari ana foleni.

Basi Bi Pindo akanyamaza, akawa anaangalia. Akamwona mumewe akimimina chai huku ncha ya kidole iko ndani ya kikombe, inasubiri kuungua ndiyo ajue kimejaa. Gazeti aliacha kulisoma, kisa eti habari za siku hizi ni mbaya, kana kwamba za zamani zilikuwa za harusi tupu. Mteja mmoja akarudisha picha za pasipoti kwa sababu hazikuwa na sikio la kushoto; Usitikisike akamwuliza kama huko aendako anakwenda kusikiliza. Mwisho akajikwaa kwenye ngazi ya studio, ngazi aliyoijenga kwa mikono yake, akakaa chini pale pale akamtukana fundi aliyeijenga.

Hapo ndipo ilipoingia ile kazi ya maktaba. Mchoraji wa majengo, kijana mwenye adabu sana na viatu safi sana, alikuja studio akasema maktaba mpya ina ukuta mzima wa mapokezi ulio wazi, na anataka ukuta huo uwe picha moja tu: vile vilima vya mawe vilivyo nje ya mji. Ukuta mzima. Mtu akisogea karibu aone mpaka ukoga kwenye jiwe. Za simu walishajaribu, zilipokuzwa zikawa uji. Usitikisike akaitikia kabla kijana hajamaliza sentensi. Kwa picha ya namna hiyo, akasema, inahitajika filamu kubwa, na filamu kubwa inataka kamera yake, ile ya mvukuto, ya kuingia chini ya kitambaa cheusi.

"Kamera ya fildi," alimwambia mkewe jioni ile.

"Fildi ipi?" Bi Pindo akauliza, na sindano mdomoni.

Neno hilo alikuwa analijua. Mume wa dada yake alikuwa mtu wa fildi, kila mwezi yuko fildi, mpaka siku moja fildi ikamfuata nyumbani ikiwa imebeba mtoto mgongoni.

"Fildi ya nje," Usitikisike akasema. "Porini. Huko juu kwenye mawe."

Na huko juu kwenye mawe hakuna ukingo wala kamba. Kuna jiwe, halafu kuna jiwe lingine, halafu hakuna kitu. Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi mji wa mbali na hana muda wa kuzunguka mbuyu, alipiga simu akauliza neno moja tu: "Mama, baba anaona au haoni?" Bi Pindo akasema hajui. Binti akasema, "Basi ujue kabla hajapanda." Bi Pindo akala kiapo. Kama mumewe anaona, kamera inunuliwe na Mungu awe naye. Kama haoni, hakuna kamera, hakuna vilima, na ukuta wa maktaba wapake rangi.

Si kwamba lilikuwa jambo jepesi. Usitikisike bila picha ni nani? Ni mzee wa kukaa mlangoni na kugombana na ngazi. Bi Pindo alikuwa anamwogopa mzee huyo, anamwogopa sana. Ila maiti alimwogopa zaidi.

Duka lilikuwa uchochoro wa nyuma ya posta, jembamba, limejaa saa zisizotembea, redio zisizosema na mashine za kuchapa. Mwenye duka waliitana rafiki na Usitikisike tangu ujana, na mji mzima unamwita Hakirudishwi, kwa sababu ya kibao kilicho juu ya kichwa chake: KIKIUZWA HAKIRUDISHWI. Ni mtu mpole. Amewahi kukataa kurudishiwa mwavuli alioukopesha yeye mwenyewe.

"Karibu shemeji," akamwambia Bi Pindo. "Leo tumekumbukwa."

"Tumekuja kuangalia tu, shemeji."

"Kuangalia hapa ni bure. Ndiyo maana sijatajirika."

Akawapa viti, akawapa chai, kisha akatoa kamera mbili akaziweka mezani kwa heshima, kama mtu anayeonyesha wajukuu.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao. Ilikuja imefungwa, kisanduku cha kubeba kwapani, halafu Hakirudishwi akavuta hapa, akainua pale, na mara mvukuto wa ngozi nyekundu ukajitokeza katikati, lenzi mbele, kioo cha ukungu cha kuangalizia picha nyuma. Mbao yenyewe imeng'arishwa, pembe zina shaba. Bi Pindo hakutaka kuipenda. Akainyanyua kwa mkono mmoja. Nyepesi! Cherehani yake ya mkono ingeimeza mara mbili.

"Hii ndiyo ya fildi hasa," Hakirudishwi akasema. "Unaifunga, unatembea nayo siku nzima hujui kama umeibeba. Ina tabia moja tu. Haina kituo, pale pa kugonga ikifika katikati. Mbele na nyuma unazisimamisha kwa macho, unaangalia kipovu cha maji hapa, unaangalia mstari huu na huu ikutane. Macho yako ndiyo kipimo."

Usitikisike aliipapasa mara moja, akairudisha. "Inapwaya," akasema.

"Inapwaya wapi?"

"Kwa jumla."

Ya pili ilikuwa ya chuma. Hii haikufungika. Ilikuwa bomba moja refu la chuma, huku lenzi, kule kioo, katikati mvukuto mweusi, na skrubu kila upande. Hakirudishwi aliisogeza kwa mikono miwili, akapumua. Alisema wazi kwamba kamera hiyo ilitengenezwa kukaa chumbani, kupiga picha za chupa za manukato na saa za mkononi. Kwamba kuipandisha kilimani kunawezekana, ila hata punda angeomba kwanza likizo.

Lakini Usitikisike alikuwa ameshaishika. Vidole vyake vilitembea kwenye zile skrubu moja baada ya nyingine. Akazungusha, ilipofika katikati ikagonga, ta. Akainamisha upande wa lenzi, akaurudisha, ta. Akausogeza kando, akaurudisha, ta. Muda wote huo uso wake ulikuwa umeelekea dari.

"Hii," akasema. "Hii ina adabu."

"Nani atakayeibeba?" Bi Pindo akauliza.

"Mimi."

"Na mgongo?"

"Mgongo si wangu?"

"Usiku ni wako. Asubuhi ukikataa kunyooka huwa ni wangu."

Hakirudishwi akacheka, akajaribu kumtetea shemeji yake. Kwa picha ya ukuta, alisema, zote mbili sawa, filamu ni ile ile, lenzi ni ile ile. Tofauti ni mgongo tu. Mtu mwenye akili anachukua ya mbao. Usitikisike akasema mtu mwenye akili asingeishi kwa kupiga picha. Akaanza kueleza habari za kuinamisha lenzi ili jiwe la mguuni na kilima cha mbali vyote vitoke vikali, na usahihi, na digrii, na jinsi mbao inavyovimba kwenye unyevu. Alieleza vizuri kweli. Bi Pindo alimsikiliza huku akijua kwamba mumewe akianza kueleza vizuri namna hiyo kuna kitu anapiga chenga. Hivyo hivyo ndivyo alivyomweleza baba mkwe wake kuhusu mustakabali wa biashara ya picha.

"Ijaribu basi," akasema. "Mimi nitasimama, unilenge."

Na hicho ndicho alichokifuata dukani.

Wakaifunga kamera ya chuma kwenye stendi ya miguu mitatu katikati ya duka. Usitikisike akatoa kitambaa chake, ambacho kwa kweli ni kazi ya Bi Pindo: ndani cheusi, nje cheupe kisivute jua, na pindo zimetiwa vipande vya risasi upepo usikipeperushe. Alikishona wiki iliyopita, huku akiwa anaipinga safari yenyewe. Kazi ni kazi. Akaenda akasimama ukutani, karibu na kitundikio cha makoti cha Hakirudishwi, kile cha mti mmoja wenye matawi juu. Humo ndani joto lilikuwa la kukaanga. Mtandio wake wa manjano ulikuwa unamteleza, akauvua akautundika pale, akawa anasubiri.

Simu ikalia. Binti. Bi Pindo akatoka upesi mpaka mlangoni ili aikate bila kusikika, akaikata, akamwandikia "bado." Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshaingia chini ya kitambaa.

"Mama watoto," sauti ikatoka humo, "sogea kulia kwako kidogo."

Kitundikio hakikusogea.

"Hapo hapo. Safi. Sasa inua kidevu."

Kitundikio hakina kidevu.

"Vizuri! Usitikisike."

Kitundikio kilitulia kuliko mteja yeyote aliyepata kupita mikononi mwa Usitikisike. Hakirudishwi alikuwa na kikombe kimeganda njiani baina ya kisahani na mdomo. Akamtazama Bi Pindo pale mlangoni, akakitazama kitundikio, akamtazama tena Bi Pindo.

"Leo umetulia kweli," sauti ikaendelea, kwa mahaba kabisa. "Na huo mtandio umekupendeza."

Kicheko kikampanda Bi Pindo. Lazima tuseme ukweli, kilimpanda, kwa sababu mwanamume mzima alikuwa anakitongoza kitundikio cha makoti. Kikafika kooni, halafu kikashuka kwenda mahali pabaya, akashika mwimo wa mlango. Kumbe haoni. Alikuja kutafuta jibu, sasa amelipata, na angetoa cherehani yake lisingekuwa hilo.

Usitikisike akatoka kitambaani, nywele zimesimama. Bi Pindo alikuwa ameshatembea kimyakimya mpaka ukutani, amesimama kando ya mtandio wake. Hakirudishwi akafungua mdomo. Bi Pindo akamkata jicho, naye akaufunga.

"Nimetokaje?" Bi Pindo akauliza.

"Vizuri sana. Ulikuwa unatabasamu kidogo."

Na hapo ndipo hasira ilipompanda. Kutoona, angelia naye. Lakini kutabasamu! Ameongezea na tabasamu! Tabasamu la kitundikio! Mtu amevaa miwani ya mbao, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mbele ya watu, na sauti haitetemeki.

"Nilikuwa mlangoni," Bi Pindo akasema. "Ulikuwa unaongea na kitundikio cha makoti."

Saa zote za duka lile zilikuwa zimekufa zamani, kwa hiyo hata tiki haikusikika.

"Mwanga wa humu ndani mbaya," Usitikisike akasema hatimaye.

"Mbaya."

"Ndiyo, mbaya. Mwulize mwenyewe."

Hakirudishwi, masikini, rafiki wa kweli, akadaka. "Ni kweli, shemeji. Kusema haki. Kamera ya kwenda fildi haijaribiwi chumbani. Kioo hiki kinataka jua. Tuitoe nje, aitazame kwenye mwanga, halafu ndiyo tuseme."

Bi Pindo aliwatazama wanaume hao wawili wazima, mmoja anadanganya na mwingine anamshikia ngazi. Angeweza kukataa. Kiapo chake kilikuwa kimekwisha timia. Alichobakiza ni kuchukua mtandio na kumshika mumewe mkono. Ila alimwona Usitikisike ameiwekea kiganja ile kamera, amekiacha hapo, kama unavyomwekea mtoto mwenye homa.

"Nje basi," akasema. "Mara moja. Na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza."

Wakaitoa, wawili wakibeba, watatu wakilaumiana, wakaisimamisha mbele ya mlango. Jua lilikuwa la utosi, hakuna kivuli cha kumsingizia. Mtaa ulikuwa na watu wake: fundi viatu chini ya mwavuli, mama wa ndizi, mwendesha bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake, na wapitaji waliokuwa na haraka mpaka walipoiona kamera ile, haraka ikawaisha. Wakajipanga pembeni. Fundi viatu akauliza kama wanapima barabara, kwamba kama ni bomoabomoa waseme mapema.

Bi Pindo akavuka mtaa. Akapita mbele ya mama wa ndizi, akafikiri, akarudi, mwisho akasimama karibu na nguzo ya umeme. Mtandio alikuwa ameuacha dukani makusudi. Gauni lake lilikuwa la rangi ya udongo, na ukuta nyuma yake ulikuwa wa rangi ya udongo.

Ng'ambo, mumewe akajifunika kitambaa. Mkono wake ukatokeza pembeni, ukazungusha skrubu mbele, ukarudisha nyuma, ukazungusha tena. Akakawia. Watu wakamgeukia Bi Pindo, wakamgeukia yeye.

"Unaniona?" Bi Pindo akapaza sauti.

Mkono ukarudi kwenye skrubu.

"Niko wapi?"

Alikuwa anaweza kubahatisha. Hilo Bi Pindo alilijua vizuri. Mtaa huo anaujua, mkewe anamjua, anajua kama ni mwanamke wa kusimama kwenye mwanga au kivulini. Kwa kubahatisha huyu bwana alikuwa ameshapitisha mwaka mzima wa harusi na mahafali, na maharusi wakatoka na vichwa vyao. Angesema nguzo. Angesema ndizi. Angepata, na yeye Bi Pindo angebaki pale barabarani hajui ameona au amebahatisha. Akajikuta anaomba kimoyomoyo, na hakujua anaomba nini.

"Baba watoto! Niko wapi?"

"Sijui," sauti ikasema.

Haikuwa kubwa, lakini mtaa mzima ulikuwa umenyamaza.

"Sijui, mama watoto. Sijui uko wapi."

Fundi viatu akashusha macho kwenye kiatu alichokishika. Yule wa bodaboda akaketi wima. Bi Pindo alikuwa ameshaandaa la kusema, amelala nalo na kuamka nalo tangu juzi: basi, twende nyumbani. Lilikuwa ulimini. Akavuka mtaa bila kutazama kushoto wala kulia, baiskeli ikamkwepa kwa matusi, akafika, akakiinua kitambaa alichokishona mwenyewe, akainama, akaingia na yeye.

Nje watu wakaangua kicheko. Mama wa ndizi akasema haya, na sisi tunatazama.

Ndani kulikuwa giza na joto na harufu ya mumewe, sabuni na jasho na yale matone ya macho. Wakabanana bega kwa bega. Usitikisike hakugeuka.

"Nilidhani kikiwa kikubwa nitaona," akasema, chini chini. "Simu ni kama nyuma ya pazia. Zile kamera zangu za zamani, kitundu chake hata sikipati kwa jicho. Nikasema, kioo kikubwa kama sinia, haiwezekani kisinionyeshe. Naona mwanga. Naona kama kitu cha manjano, kama kitu cheusi. Basi."

"Na daktari?"

"Alisema iliyokwenda imekwenda."

"Hakufurahi."

"Hakufurahi hata kidogo."

Bi Pindo akafuta uso kwa kiwiko, maana mikono haikuwa na pa kupita. "Na hii michuma?"

"Inagonga. Naweza kuipanga yote kwa vidole, nikiwa peke yangu, bila mtu kujua. Ningepanda peke yangu. Ningepata hata moja nzuri. Hata kwa bahati."

"Ungepata jiwe la kukupasua kichwa. Kichwa maji wewe. Ungeniacha nigombane na ngazi peke yangu." Alisema hivyo kwa ukali, na sauti ikamkatikia njiani, na yeye hakuona haya. Kisha ndipo akakitazama kioo.

"He!"

"Nini?"

"Watu wote wananing'inia!"

Ni kweli. Mtaa wote ulikuwa mle ndani, wa rangi, unang'aa, mdogo na mkali, nao uko kichwa chini miguu juu. Fundi viatu alikuwa ameganda darini na mwavuli wake kama popo. Ndizi zilikuwa zinapanda. Chini kabisa ndiko kulikokuwa na mbingu. Bi Pindo aliyeshona nguo maisha yake yote hakuwahi kuona kitu kimekaa vibaya kwa uzuri namna ile.

"Ndivyo ilivyo," Usitikisike akasema. "Na kulia ni kushoto. Unazoea. Niambie kilichopo."

"Kuna nguzo."

"Imenyooka?"

"Imelala kidogo."

"Huku au huku?"

"Huku."

"Mama watoto, huku ni wapi? Sioni kidole chako."

"Kushoto. La, subiri, umesema kulia ni kushoto. Kushoto kwangu mimi!"

Mkono wake ukapita, ukazungusha. Nguzo ikanyanyuka taratibu kwenye kioo. "Bado," Bi Pindo akasema. "Bado. Umezidisha, rudi. Rudi! Hapo." Akashusha pumzi. Halafu akamwambia pindo la mwavuli wa fundi viatu limefumuka na linaonekana mpaka uzi, na kwamba ukuta una ufa, na juu ya ufa kuna mjusi. Usitikisike akauliza mjusi amekaaje. Akamwambia. Akauliza kama ni mkali au ana ukungu, na Bi Pindo akasema ana ukungu, na yule bwana akainamisha lenzi kwa vidole viwili, kidogo mno, akangoja.

"Sasa?"

"Sasa namwona vidole," Bi Pindo akasema. "Yeye na fundi viatu, wote pamoja."

Usitikisike akakaza skrubu.

"Na pale ulipokuwa umesimama wewe? Kuna nini?"

"Hakuna mtu," akamjibu. "Niko huku."

Bega la Usitikisike lilikuwa limegandana na la mkewe, nalo lilikuwa linatetemeka, na Bi Pindo akaliacha litetemeke.

Nje Hakirudishwi alikohoa, akakohoa tena, kisha akagonga kitambaa kwa adabu kama mtu anayebisha hodi. "Jamani. Si kwamba nawaharakisha. Lakini watu wanazidi. Mmeamua?"

"Ya mbao," Usitikisike akasema.

"Ya mbao? Sikiliza, bwana, rafiki yangu." Hakirudishwi aliinama karibu akapunguza sauti, na kila mtu mtaani akamsikia. "Ile haina kituo. Inataka macho. Nami nikishauza, unanijua."

"Najua inataka nini."

Bi Pindo alifungua kinywa kukataa. Vile vilima havikuwa vimepungua urefu, na binti alikuwa anasubiri jibu. Badala yake akaona kwenye kioo mama wa ndizi anaanza kukusanya bidhaa zake, akamwambia mumewe asimsukume, ajisogeze upande wake, maana mjusi anataka kuondoka na hawajampiga picha.